Mtu wa Presha Haambiwi

Kiplombe, Eldoret
3 Februari 2024

Kwa Senge wangu, shangazi Edinah,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi Tryphosa, binti ya ndugu yako, na kutoka kwa mume wangu Wesonga, na kwa Joy, ambaye bado hajui kusalimia lakini ameshika hii kalamu mara mbili tayari. Hiyo mistari imepinda hapo juu ni yake. Sisi huku tuko salama. Mvua bado, na vumbi ya Kiplombe inaingia mpaka kwa sufuria iliyofunikwa. Mama Chepngetich, mwenye hii plot tunayopanga, anasema vumbi pia ni chumvi, tule tu.

Uliniambia nikuandikie barua kwa sababu kwa simu kila mtu anasema tuko sawa, tuko sawa, halafu laini inakatika. Nilicheka lakini nilipoweka simu nikaona ni ukweli. Sasa usinisahihishe, unajua niliishia darasa la nane. Barua inabebwa na Kimeli, kijana wa Mama Chepngetich. Yeye ni mkimbiaji, anaenda kukimbia mbio za barabarani huko kwenu Marekani, na ameahidi kuitia posta akifika. Nilimwambia asikimbie nayo ikaloa jasho.

Joy ameota meno mawili. Uji wangu unatembea vizuri. Naamka nautia kwa chupa za chai, nauza pale stage kwa watu wa bodaboda na wa mjengo, na mtoto yuko mgongoni. Wananiita Mama Uji. Mmoja aliniuliza kama na mtoto anauzwa, nikamwambia huyo ni wa kuonja tu.

Sasa neno lenyewe. Kanisani walileta watu wa kupima magonjwa na Baba akapimwa presha. Nesi alipima, akaita mwenzake, wakapima tena. Wakampa dawa ya kila siku. Senge, anameza siku kichwa kinauma, kisipouma anaziacha kwa dirisha. Nikimwambia, ananijibu yeye ni soja, analinda nyumba za watu huko mtaa wa West Indies, hapa hapa Eldoret, usiku mzima na hajawahi kulala kazini, sasa ni kadawa kadogo namna hii ndiko kamlinde? Wewe peke yako ndiye anakusikia. Hata leo akikutaja anasema Edi alinibeba mgongoni mpaka nikaona haya.

Mwandikie. Na kama inawezekana uje Disemba. Joy hajui uso wako, na miaka imekuwa mingi.

Baba amekaa hapa karibu na mimi. Anasema nisikuandikie hayo ya presha kwa sababu na wewe unayo, na mtu wa presha haambiwi mambo. Nimeandika haraka kabla hajapata miwani.

Ni mimi mtoto wako,
Tryphosa

*

Texas
21 Aprili 2024

Kwa mwanangu, Mama Joy,

Barua yako imefika, na ile mistari iliyopinda nimeibusu. Mimi ni mzima. Hali ya hewa imeanza kuwa moto. Nyanya mzungu ninayemtunza hajambo, bado anachukia supu na bado anaficha meno yake chini ya mto. Mwambie Mama Chepngetich nimesema ahsante kwa kuwa jirani wa kweli.

Hiki kipande msomee ndugu yangu. Walu, meza dawa. Kila siku, kichwa kiume kisiume. Hukuona haya nilipokupangusa kamasi, usione haya sasa. Mwisho wa kipande.

Tryphosa, nikupe kichekesho. Kanisa letu la Wakenya huku liliombwa watu wa kuingia kwenye utafiti. Wanataka kujua kitu kimoja. Mtu akipigwa na maisha halafu akasimama upesi, je, kule kusimama kunausaidia moyo wake? Na kama kunausaidia, ni sawasawa kwa kila mtu, awe mzungu, awe mweusi, awe Mmeksiko au Mwasia? Nikasema haya, kumbe hata mioyo ina rangi. Nikaenda.

Kwanza wanauliza rangi yako. Mwanangu, huko Eldoret mimi sikuwahi kuwa mweusi. Nilikuwa Mluhya. Watu walikuwa wanasikia jina la baba yako ndio wajue watakuweka wapi, na kuna mwaka wa fujo za uchaguzi uliokuwa unaombea jina lako lisisikike. Huku hawana haja na jina, wanaangalia mkono. Nikatia alama kwa kisanduku cha weusi.

Halafu wanakusomea maneno, unajibu kama ni wewe au si wewe. Mambo yakiniangusha nasimama upesi. Ni mimi. Shida ikipita sikai nayo sana. Ni mimi. Nikamaliza, na yule dada anayeandika, mweusi wa kwao huku, akaniambia, "Mama, umekaribia kupata zote." Nilifurahi, maana shuleni sikuwahi kukaribia. Ndipo akanifunga ule mpira wa presha. Akapima, akapima tena, akaniuliza kama nimepanda ngazi. Nikamwambia ndiyo, nyingi. Nyumba yenyewe haina ngazi hata moja. Mashine zao nazo huwa hazieleweki.

Nyanya wangu naye ameingia utafiti huo huo. Tukalinganisha majibu jikoni. Yeye na mimi tumefanana kabisa, sote tunasimama upesi. Nikamuuliza, mzee wako alipofariki ulifanyaje? Akasema alilia mwaka mzima, binti yake akahamia kwake, na kulikuwa na mtu anakuja kila wiki kukaa tu na kumsikiliza. Mimi nilipofiwa na mume wangu nilirudi shifti wiki ile ile, kwa sababu kodi ya nyumba haikufiwa. Tumejibu neno moja mimi na yeye, lakini sijui kama tumesema kitu kimoja. Nilimwambia yule dada wa utafiti hivyo. Akasema, "Hilo ndilo tunalouliza, Mama. Bado hatujui."

Nilikuwa nakuambia wewe jikaze ukiwa msichana mdogo, siku ya mazishi ya mama yako. Ulikaza mpaka midomo ikawa nyeupe. Watu walikusifu. Siku hizi nakuona vile ulikuwa umesimama pale na soksi moja, sijui kwa nini.

Ya Disemba nitaona.

Senge wako,
Edinah

*

Kiplombe
14 Julai 2024

Kwa Senge mpendwa,

Salamu zetu zikufikie ukiwa na afya. Sisi tuko salama. Barua yako ililetwa na pasta kutoka kwa sanduku la kanisa, ilikuwa imekaa hapo muda. Mvua sasa ni ile ya kweli, njia ya kwenda stage ni matope, nilianguka na chupa moja ya uji lakini haikuvunjika. Joy anatambaa. Mahindi ya Mama Chepngetich yamefika kiuno.

Nilimsomea Baba kile kipande chake. Alisikia. Anakusalimia sana. Siku hizi analala hapa kwetu, kazi ya West Indies amemwachia mtu mwingine, maana umri pia. Anakunywa uji wangu asubuhi na jioni, mwepesi, mimi mwenyewe namnywesha. Namaanisha namwekea. Dawa anameza zote sasa, hakuna anayobakisha.

Simu yake imeharibika kidogo mahali pa kusikilizia. Ukitaka kuongea tutakupigia sisi.

Ile habari ya utafiti imenikaa. Nilimwambia Wesonga, akasema hao watu wangekuja stage ya Kiplombe wangepata wote wamepata alama zote. Hapa hata mtu aliyegongwa na pikipiki ukimuuliza anasema niko fiti. Na mimi nikiulizwa vile niko ningejibu ni mimi, ni mimi, ni mimi.

Senge, wewe uko sawa kweli? Ulisema mashine haieleweki halafu ukaruka.

Mimi wako,
Tryphosa

*

Texas
30 Agosti 2024

Mama Joy,

Habari za huko. Huku ni kuzuri. Usishangae mwandiko, naandika nikiwa nimejiegemeza. Nimepewa kalikizo, nimelala tu kama malkia, watu wa kanisa wananiletea chapati ngumu. Nyanya ametafutiwa mtu wa kumshika mkono kwa sasa na amemchukia tayari.

Nimepiga simu kwa ndugu yangu. Najua ulisema nisipige. Ikapokewa na bwana yako, akasema Mzee yuko bafuni anaoga. Nikapiga juma lingine, anaoga. Nikapiga tena, anaoga. Tryphosa, Walu niliyemlea mimi alikuwa anafukuzwa kuzunguka nyumba ndio aoshwe. Amekuwa samaki lini?

Mimi si mtoto. Nimezika wazazi, nimezika bwana, nimezika mama yako. Kama kuna kitu niambie. Mimi ninaweza.

Disemba usiiandalie, wakubwa wa huku hawajaniruhusu kusafiri. Wakubwa wa kazi, namaanisha.

Mpe Joy busu la shingoni, pale penye harufu ya maziwa.

Edinah

*

Kiplombe
6 Oktoba 2024

Kwa Senge,

Tuko salama. Kimeli anakuja kukimbia huko huko mji wenu, kwa hivyo barua hii atakuletea mpaka mlangoni, na maharagwe ya kutoka kwa mama yake.

Baba anakusalimia sana.

Ni fupi kwa sababu mtoto anasumbua.

Tryphosa

*

Texas
27 Oktoba 2024

Tryphosa,

Kimeli alikuja. Ni kijana mzuri, mwembamba kama ufito, alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Nilikuwa nimempikia ugali na kuku na sukuma wiki. Nikamletea maji ya kunawa. Akanawa, akajipangusa, akanipa mkono tena, na mikono yote miwili safari hii, akaniambia, "Mama, pole sana kwa Mzee Walubengo. Tangu Juni alikuwa ameumia. Lakini tulimzika vizuri."

Nikamwambia ahsante.

Nikampakulia. Nikamwongeza. Nikamuuliza mbio zilikuwaje, akanieleza habari ya mlima fulani na upepo, nikawa nasema eh, eh. Nikamfungia blauzi mbili za mama yake. Nikamsindikiza mpaka kwa gari. Alipoondoka nikaosha vyombo. Ndipo nikafungua barua yako, nikasoma kwamba Baba ananisalimia sana.

Sitakutukana. Mimi mwenyewe sina mdomo wa kukutukana. Ile kalikizo ilikuwa hospitali. Niliangukia jikoni kwa Nyanya mwezi wa saba, na wakaniambia moyo umechoka na umevimba, na kwamba kwa muda mrefu umekuwa ukinionya na mimi naujibu niko sawa. Niliwakataza watu wa kanisa wasiseme huko nyumbani. Nilisema ndugu yangu ana presha, na mtu wa presha haambiwi.

Kwa hivyo angalia. Yeye huko anafichwa, mimi huku najificha, kila mmoja kwa ajili ya moyo wa mwenzake, na katikati kuna simu mbili nzima.

Mlisema habari itaniua. Imekuja, nikaiweka mezani pamoja na ugali, na bado niko. Habari haikunishinda. Kinachonishinda ni kwamba alikuwa anapumua kutoka Juni mpaka mlipomzika, na hakuna aliyenipa niongee naye hata neno.

Usiniandikie kwa sasa.

Edinah

*

Kiplombe
24 Novemba 2024

Kwa Senge wangu,

Ulisema nisikuandikie. Naandika. Ukitaka itupe, lakini nimekataa kuwa na kitu kingine ninakijua na wewe hukijui.

Ilikuwa Jumapili, anajitayarisha kwenda kazi ya jioni. Alikuwa anavaa viatu. Kiatu kikamtoka mkononi, akakiokota, kikamtoka tena, akacheka. Nilipoona anacheka na upande mmoja wa mdomo peke yake nikamwita Wesonga. Hospitali walisema ni kiharusi. Tukakaa nao, halafu tukarudi naye hapa kwetu, upande wa kulia ukiwa umekufa na maneno yakitoka kama uji umemwagika, huwezi kuyashika.

Neno la kwanza lilitoka vizuri baada ya wiki nyingi, na lilikuwa Edi. Akanyoosha ule mkono mzuri akaonyesha simu.

Tulikaa kikao, Senge. Mimi, Wesonga, baba mdogo aliyetoka nyumbani Kimilili, na pasta. Wote wakasema dada yake akisikia sauti imekuwa hivi ataanguka huko peke yake na hakuna mtu wa kumwokota. Hakuna aliyesema kwa ubaya. Pasta hata aliomba. Na mimi ndiye nilisema amina kwa sauti. Baba ndiye alikuwa ametufundisha hiyo sheria, na sasa yeye mwenyewe ndiye alitaka kuivunja, na tukamkatalia.

Kwa sababu alikuwa hachoki kuonyesha, nilichukua simu yake nikaiweka juu ya kabati, mahali mkono wake haufiki. Ni mimi niliweka. Ulipokuwa unapiga, ilikuwa inalia hapo juu na anageuza kichwa. Wesonga alikuwa anakimbia nayo nje, na kwa sababu hajui kudanganya akawa anasema Mzee anaoga, anaoga tu.

Asubuhi ya mwisho, mwezi wa tisa, nilikuwa namnywesha uji na Joy ameshika goti lake. Alisukuma kijiko. Nikafikiri ni moto, nikaupuliza. Akasukuma tena, akaangalia juu ya kabati. Nikamwambia, "Baba, kunywa kwanza." Hakunywa. Alikuwa amekwenda.

Mazishini wazee waliuliza dada yake yuko wapi, mbona hayuko na hata hajatuma neno. Tukasema ataambiwa. Tulikuwa tumekataza plot nzima, tumekataza kanisa, tumekataza watoto wa mjomba na simu zao. Tukamsahau yule tuliyempa barua abebe. Kimeli aliporudi na kujua, alikuja akaketi hapa mlangoni, na mama yake akamgombeza mpaka nikamwambia amwache. Yeye peke yake ndiye alikuambia ukweli.

Watu walikuwa wananiambia jikaze, una mtoto, jikaze. Nikajikaza, Senge. Niliuza uji juma lile lile. Mtu mmoja wa bodaboda alikunywa akaniambia leo sukari imezidi. Nikaenda nyuma ya kibanda nikalia mpaka maziwa ya mtoto yakanitoka yenyewe.

Sijui kama unameza dawa. Sijui kama uko. Tafadhali hata mstari mmoja.

Tryphosa

*

Kiplombe
5 Januari 2025

Kwa Senge,

Heri ya mwaka mpya. Hakuna barua kwa sanduku la kanisa. Pasta amechoka kuniona. Nikipiga namba yako inalia mpaka inanyamaza. Joy amesimama peke yake jana, akakiachilia kile kiti cha Baba.

Nitaandika tena.

Tryphosa

*

Texas
16 Februari 2025

Kwa mwanangu Mama Joy,

Niko.

Barua yako ya Novemba niliiacha juu ya friji bila kuifungua, na ile ya Januari juu yake. Simu nilikuwa naiona ikilia nikaiangalia tu. Kumbe na mimi nina kabati langu. Si hasira peke yake. Niliogopa kusoma alikufa vipi, kwa sababu mpaka nisome alikuwa bado anaoga.

Nimerudi kwa Nyanya, saa chache, kazi za kukaa. Siku moja nikasoma nikiwa kwake. Nilipofika pale pa kabati niliketi chini, kwa sakafu ya jikoni, na kilio kikatoka ambacho sikukijua. Nafikiri kilikuwa na mama yako ndani, na bwana yangu, na kila mtu. Nyanya akaja na mkongojo wake, taratibu, akavuta kiti, akaniwekea mkono kichwani. Tukakaa hivyo mpaka supu ikaungua. Mimi ndiye nalipwa kumtunza yeye.

Wale wa utafiti waliniita mara ya pili, maana wanarudia baada ya muda. Yule dada akanisomea yale yale. Mambo yakiniangusha nasimama upesi. Nikamwambia andika hapana. Akaniangalia, akauliza hapana kidogo ama hapana kabisa. Nikamwambia, "Andika kwamba nimeanguka, bado niko chini, na safari hii nataka kuinuliwa." Akasema hakuna kisanduku cha jibu kama hilo. Halafu akaweka kalamu chini akaanza kuniambia habari ya mama yake, aliyefanya kazi kwa watu mpaka siku ile alipofia kazini, na watu wakasimama kanisani kumsifu vile alikuwa na nguvu. Tulishikana mikono, mweusi wa Eldoret na mweusi wa Texas. Nikamuuliza wamepata jibu gani sasa, kuhusu hiyo mioyo. Akasema bado, itachukua miaka. Nikamwambia mimi siwezi kuwangojea.

Presha alipima pia. Bado iko juu. Safari hii sikusema habari ya ngazi.

Daktari ameniruhusu kuruka na ndege mwezi wa nne kama nitameza dawa, na ninameza. Nimesamehe nusu, Tryphosa. Hiyo nusu nyingine nitakuja nayo tuimalizie huko. Na sehemu yangu pia nisamehe, kwa sababu ningesema mapema kwamba nimelazwa, labda mngenipa yeye kwenye simu, wagonjwa wawili tukaongea.

Nikifika kaburini hakuna mtu aniambie lile neno.

Senge wako,
Edinah

*

Kiplombe
9 Machi 2025

Kwa Senge wangu mpendwa,

Nimesoma neno lako la kwanza, niko, nikashindwa kuendelea. Wesonga ndiye alinisomea iliyobaki, polepole, na yeye pia akawa anasimama kupangusa miwani ambayo hana.

Sisi tuko vile tuko. Mvua imeanza kunusa. Mama Chepngetich amesema utalala kwake kwa sababu kitanda chake kina godoro la kweli, na kwamba ameivaa ile blauzi ya maua kanisani mpaka wenzake wakaanza kumsalimia kwa Kizungu. Kimeli atakuja kukuchukua pale uwanja wa ndege wa Eldoret. Ameapa hatasema kitu njiani, nikamwambia hapana, sema kila kitu.

Tumepanga twende Kimilili kaburini siku ya pili baada ya wewe kufika. Nimewaambia wazee. Baba mdogo alisema wanawake wakianza kulia upya watamsumbua marehemu, nikamjibu marehemu ndiye aliyekuwa anaita, basi aitikiwe. Sikujua nina mdomo kama huo. Tutakuwekea kiti karibu na yeye na utakaa kadiri unavyotaka. Nikikosea nikakuambia jikaze, nizabe kofi mbele ya wote.

Joy anatembea. Juzi alijikwaa pale kwa ngazi ya mlango akagonga paji la uso, na plot nzima ikamwimbia jikaze, jikaze mama. Yeye akanitazama kwanza, kuona mimi nitafanya nini. Nikachuchumaa nikamfungulia mikono. Alilia sana, Senge, kamasi na yote, shingoni mwangu. Halafu akaona kuku, akashuka, akaenda zake.

Kitu kingine. Nilienda kupimwa. Nimepatikana na presha, si mbaya sana, nesi anasema ilianza labda nikiwa na mimba ya Joy. Nimepewa dawa, nimeanza. Niliogopa kukuandikia, kalamu ikasimama hapa kwa muda mrefu. Lakini nakuambia, na wewe una presha. Ndivyo tutakuwa tunaishi sasa.

Na simu ya Baba nimeishusha kutoka juu ya kabati. Nimeipangusa vumbi, nimeiweka chaji, namba ni ile ile. Nitakuwa natembea nayo mfukoni stage na nyumbani. Piga wakati wowote, hata kama huna la kusema.

Hakuna mtu anaoga.

Mtoto wako,
Tryphosa